Mpiga Gitaa Anajibu: "Creep" bado inaombwa, na mnauliza kwa nini

Toleo lililopita nilidokeza kwenye ukurasa huu kwamba wimbo wa kigeni ambao wanafunzi wangu wa gitaa hapa Ngamiani, Tanga, wananiomba zaidi ni "Creep", singo ya kwanza ya bendi ya Radiohead ya Uingereza. Ilikuwa sentensi moja tu, katikati ya maelezo ya kubadili nyuzi. Barua zilizokuja zote zimeikamata hiyo sentensi, nyuzi hakuna aliyezigusa. Basi leo tuuzungumze wimbo huo.

*

"Anko Mwalimu, shikamoo. Sisi ni vijana wanne wa Makorora, tunapiga hotelini Raskazone wikiendi. Tunapiga zilipendwa, bongo fleva na nyimbo chache za Kizungu. Haipiti wiki bila mtu kuomba 'Creep', na si wageni peke yao, hata vijana wa hapahapa waliokuja kula samaki. Wimbo umetoka 1992, sisi hatujazaliwa. Tunasikia hata bendi yenyewe haikuupenda. Umedumu vipi? Tumekuwekea na wimbo wetu wa kwanza, tunataka kuutoa. Tutajuaje kama na wenyewe utadumu?"

Marahaba wanangu. Hongereni kwa kupata kazi ya kila wiki, maana siku hizi hoteli nyingi zinaridhika na spika na simu.

Hilo la bendi kutoupenda linasemwa nusunusu. Radiohead ni watu watano waliosoma shule moja, Abingdon, karibu na mji wa Oxford: Thom Yorke anayeimba, Jonny Greenwood na kaka yake Colin, Ed O'Brien, na Philip Selway kwenye drams. Mwanzoni walijiita On a Friday, kwa kuwa Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yao ya mazoezi. Mwaka 1991 walisaini mkataba na EMI, kampuni ikataka wabadili jina, wakachukua jina la wimbo mmoja wa Talking Heads. "Creep" Yorke alikuwa ameshautunga kabla ya hapo, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Exeter. Ni kijana anayemtazama mtu ambaye kwake ni kama malaika, huku yeye mwenyewe akijiona kituko, hana hata haki ya kusimama chumba kimoja naye.

Mwaka 1992 waliingia studio ya Chipping Norton, huko huko Oxfordshire, na maprodyuza wawili Wamarekani, Sean Slade na Paul Kolderie. Hawakwenda kurekodi "Creep". Walikuwa na nyimbo nyingine, na kazi ilikuwa haiendi. Kwenye mazoezi walikuwa wameupitia huu wimbo kidogo, Yorke akasema ni wimbo wao wa Scott Walker, akimaanisha umekaa kama nyimbo za mwimbaji huyo. Maprodyuza wakaelewa kwamba ni wimbo wa mtu mwingine, wakauacha ukapita. Siku kazi ilipokwama, Kolderie akawaambia wapige ule wimbo wao wa Scott Walker ili akili zitulie. Wakaupiga mara moja, mwanzo hadi mwisho. Walipomaliza, watu waliokuwemo studio wakapiga makofi.

Sasa uwekeni wimbo, msikilize pale ubeti unapoisha, kabla kiitikio hakijaingia. Kuna mipigo mikavu ya gitaa, kama kitu kinavunjwa. Huyo ni Jonny Greenwood. O'Brien amekwisha kueleza kwamba Jonny hakupenda wimbo ulivyokuwa mpole, akalichapa gitaa kwa nguvu akitaka kuuharibu. Unavyopigwa ni hivi: mkono wa kushoto unalegea juu ya nyuzi ili noti yoyote isitoke, mkono wa kulia unashuka na hasira zote, na amplifaya imefunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Hakuna noti pale, ni pigo tupu. Wangeweza kulifuta. Wakaliacha, na mimi naamini wimbo unaishi kwa sababu ya hilo pigo. Yule anayeimba anajidharau kwa sauti ya chini, lakini gitaa halikubali, linagonga meza kwa niaba yake.

Singo ilitoka tarehe 21 Septemba 1992 ikafika nafasi ya 78 kwenye chati ya Uingereza. Redio 1 ya BBC waliona una huzuni kupita kiasi, hawakuupiga sana. Kwa hesabu za kawaida ulikuwa umekwisha. Halafu mtangazaji mmoja wa redio ya jeshi la Israel, Yoav Kutner, akaupenda na kuupiga mara kwa mara mpaka ukawa maarufu nchini humo. Kituo kimoja cha redio cha San Francisco nacho kikaukamata, vingine vya pwani ya magharibi ya Marekani vikafuata. Neno la matusi lililomo kwenye kiitikio lilibadilishwa kwenye toleo la redio, mengine yote yakabaki yalivyo. Ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya Marekani ya roki mpya na ya 34 kwenye chati kuu ya Billboard. Septemba 1993, mwaka mzima baadaye, ukatolewa upya Uingereza. Mara hii ulifika nafasi ya 7. Rekodi ileile ambayo mwaka uliotangulia hakuna aliyeitaka!

Uchovu ulianzia hapo. Watu walikuja kwenye maonyesho yao kusikia wimbo mmoja, ukiisha wengine wanaondoka. Mwaka 1994 wakatoa "My Iron Lung", wimbo unaousema huo mzigo: kitu kinachokuweka hai ndicho kinachokufunga kitandani. Mwaka 1997 wakatoa albamu ya OK Computer, ambayo wachambuzi wengi wanaihesabu miongoni mwa albamu kubwa za muongo ule, na hapo wakawa na ujasiri wa kuiacha "Creep" kabisa kwa miaka. Tamasha la Reading la 2009 walifungua nayo shoo. Mwaka 2016 wakaanza tena kuipiga mara kwa mara. Kwa hiyo wamegombana nayo na wamepatana nayo. Wanamuziki wa dansi hapa nchini wanaijua hali hiyo: unatunga nyimbo mia, ukumbi unataka mmoja.

Kuhusu kudumu, nawaambia ninachokiona hapa kwangu. Nina mwanafunzi dereva wa bodaboda, anakuja jioni baada ya kijiwe. Kiingereza chake ni cha kuelekezana njia na watalii. Ubeti anauimba kwa kunung'unika, nusu ya maneno anayaruka, lakini ikikaribia ile mipigo mikavu anainamia gitaa, bega la kulia linapanda, na mguu unakanyaga sakafu kabla mkono haujashuka. Sikumfundisha huo mguu. Ubeti umekaa chini, kwenye kimo cha mtu anayezungumza, kwa hiyo mwenye sauti ya kawaida anaingia bila hofu. Pale katikati, sauti inapopaa, hata asiyefika anapiga kelele tu na wenzake wanapiga naye. Ziko nyimbo nzuri kuliko huu ambazo zinamtaka mwimbaji hodari, nazo msikilizaji anabaki nje akistaajabu. Huu unamfungulia mlango.

Wimbo wenu nimeusikiliza sana. Tungo ni nzuri, na ule ubeti wa pili wa dada anayesubiri basi la Dar pale stendi umenigusa. Lakini sauti ya mwimbaji mmeipitisha kwenye mashine ya kunyoosha mpaka haina pumzi. Na kuna mahali, karibu na dakika ya pili, mpiga solo wenu anavuta uzi na uzi unalia kidogo nje ya tyuni, halafu mtu akaushusha chini haraka asisikike. Naomba mrudi studio mpandishe hapo hapo. Hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoirudisha nyuma kuisikia tena. Kama utadumu hakuna wa kuwaambia, hata EMI hawakujua. Ila msiufiche uzi ule.

*

"Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako, shule ya msingi, Muheza. Najifunza gitaa ukubwani. Kodi ya G naiweza, C naiweza, lakini B ya 'Creep' inaniumiza kidole na hailii. Niachane nao?"

Usiachane nao, mwalimu mwenzangu. Wimbo mzima una kodi nne tu, yaani mafungu manne ya noti zinazopigwa pamoja: G, B, C na C ndogo (C minor), zinazunguka vilevile mwanzo mpaka mwisho. Kila moja inakaa hesabu nane ndipo unahamia nyingine. Nitakupa njia isiyokuhitaji kulaza kidole juu ya nyuzi zote sita.

Tumia nyuzi tatu za katikati: wa nne, wa tatu na wa pili, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa. Freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni. Kwa G, uzi wa nne bonyeza freti ya 5, wa tatu freti ya 4, wa pili freti ya 3. Kwa B, laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote tatu kwenye freti ya 4. Kwa C, kidole hichohicho kisogeze mpaka freti ya 5. Kwa C ndogo, uzi wa nne na wa tatu zibaki freti ya 5, ule wa pili urudi freti ya 4. Kisha unarudi G.

Ukishaizoea, fanya jambo moja zaidi. Piga uzi wa pili peke yake, bila mwingine: freti ya 3, ya 4, ya 5, ya 4, halafu ya 3 tena. Piga polepole. Utasikia siri yote ya wimbo huu kwenye uzi mmoja. Sauti inapanda nusu hatua, inapanda tena nusu, inakaribia kutoka, halafu inarudi ilikotoka. Ile C ndogo ndiyo inayoirudisha. Masikio yako yalikuwa yanasubiri iendelee kupanda, nayo ikashuka. Mtu anayejaribu kunyanyuka na kujiona hafai anasikika hivyo hivyo hata maneno yakiondolewa, na ndiyo maana yule dereva wangu wa bodaboda hakuhitaji kutafsiriwa.

Niliwahi kukaa kibarazani jioni nzima na hizo noti tano. Majirani walivumilia.

Kidole kikiendelea kuuma, angalia unabonyeza wapi. Bonyeza karibu kabisa na chuma, si katikati ya nafasi, na kigeuze kidole kidogo ubavuni, upande wenye mfupa.

*

"Kijana wetu, mimi ni mzee wa Chuda. Nimecheza dansi la Atomic na la Jamhuri nikiwa kijana, na taarab ya Black Star nimeisikia ikiwa mbichi. Mji huu umetoa muziki uliosikika Afrika Mashariki yote. Leo nasoma unafundisha watoto wetu kelele za huzuni za Waingereza. Hivi hivyo ndivyo vya kudumu?"

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mengi uliyosema nakubaliana nayo. Mimi mwenyewe gitaa nimelijua kwa kusikiliza Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kila anayekuja kwangu kutafuta "Creep" haondoki bila kushika ridhim moja ya bendi za Tanga, na wengi wanatoka jasho humo, kwa sababu kodi nne za Radiohead ni rahisi kuliko namna gitaa mbili za Jamhuri zinavyopishana bila kugongana.

Ila nikuombe mzee wangu usiwe mkali kwa vijana. Taarab ya Tanga unayoikumbuka ikiwa mbichi ndiyo iliyoingiza gitaa la umeme na besi, Black Star kwanza na Lucky Star baadaye, wakati taarab ya okestra kubwa za Unguja ilikuwa na ganuni na fidla. Kifaa kilikuwa cha kigeni, wenye nacho wakakitia maneno yao. Na marehemu Shakila, aliyetuacha Agosti 2016, unakumbuka alivyoweza kuimba maumivu bila kupaza sauti? "Macho Yanacheka" bado inapigwa kwenye harusi za mji huu na mabinti ambao mama zao hawakuwa wamezaliwa yeye alipoingia kwenye bendi. Hakuna anayewalazimisha. Wanaiomba wenyewe, kama hawa wa Raskazone wanavyoomba yao.

Huzuni ya yule Mwingereza nami sikuipokea siku ya kwanza. Niliipata kwenye kanda iliyonakiliwa, imeletwa na mpwa wangu kutoka Mombasa, miaka ya tisini, na sauti ilikuwa imechoka. Lakini nilisikia mtu anasema jambo la aibu mbele za watu bila kujipamba. Hilo, mzee wangu, kwenye taarab tunalifunika kwa mafumbo, na mafumbo yetu ni hazina, siyaachi. Kijana wa leo wakati mwingine anataka kulisema wazi. Mwache aseme, halafu tumpeleke kwenye mafumbo.

Nikukaribishe siku yoyote ukipita Ngamiani. Wapo vijana watatu wanajifunza ridhim ya Jamhuri na hawana mtu wa kuwaonyesha ilivyokuwa inachezwa.

*

"Kaka, mimi ni mtunzi, niko Korogwe. Nimerekodi wimbo, sasa rafiki yangu anasema unafanana na wimbo wa zamani wa bendi moja. Sikuiba, kodi tu zimefanana. Nifanyeje?"

Kodi tu au na melodi? Hapo ndipo pa kuangalia. Mfuatano wa kodi unatumiwa na watunzi wengi na dunia inaendelea. Matatizo yanaanza melodi yako inapokaa juu ya kodi zilezile kwa njia ileile.

"Creep" yenyewe iliingia humo. Kuna wimbo unaitwa "The Air That I Breathe", uliotungwa na Albert Hammond na Mike Hazlewood, ambao kundi la The Hollies liliufanya maarufu mwaka 1974. Kodi zinafanana, na sehemu ya katikati ya "Creep" inafuata melodi yake. Wenye wimbo wakadai. Radiohead hawakubisha. Leo ukitazama majina ya watunzi wa "Creep" utaona Hammond na Hazlewood wameandikwa pamoja na bendi, na wanalipwa fungu lao. Hammond alieleza baadaye kwamba kwa kuwa vijana walikuwa wakweli, wao nao hawakutaka kuchukua wimbo wote, wakaridhika na kipande. Kisha Januari 2018 mambo yakageuka: mwimbaji Lana Del Rey akasema anadaiwa kwa sababu wimbo wake "Get Free" unafanana na "Creep". Kampuni inayosimamia haki za wimbo ikakana kwamba kuna kesi, ila ikakubali kwamba yalikuwepo mazungumzo ya kutaka watunzi wa "Creep" watambuliwe.

Wewe fanya hivi. Kaa na huo wimbo wa zamani, na mtu mwingine anayejua muziki, mziimbe melodi zote mbili bila ala. Zikigongana kwa zaidi ya kipande kidogo, badilisha sasa, kabla haujatoka. Kama unaupenda ulivyo, watafute wenye wimbo au familia zao mkubaliane kwa maandishi nani anaandikwa na nani anapata nini. Wimbo wako usajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Watunzi wengi wa mkoa wetu wanasubiri mpaka wimbo uvume ndipo wakimbilie huko, na wakati huo ugomvi umeshaanza.

*

"Kaka Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mikanjuni. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Huo wimbo wenu anaupiga chumbani kila usiku. Binti wa dada yangu amenifasiria maneno, nimeogopa. Mtoto anaimba kwamba yeye hafai na hapa si pake. Nimnyang'anye gitaa?"

Dada yangu, gitaa usimnyang'anye. Nimekuwa na vijana wengi wa umri huo sebuleni kwangu, na wimbo huu wanaupenda kwa sababu umri wenyewe ndio huo. Mwili umebadilika, sauti imebadilika, kuna msichana darasani hawezi kumsalimia, mitihani inakuja. Aliyeutunga naye alikuwa mwanafunzi. Kijana anapoimba kwamba hafai, mara nyingi anapata nafuu ya kukuta kwamba kuna mtu mwingine, mbali kabisa, aliyejisikia hivyo akalitoa kifuani, na watu wakaimba naye. Kwenye mtandao mmoja tu wa muziki umesikilizwa zaidi ya mara bilioni moja. Mwanao hayuko peke yake chumbani humo.

Lakini hofu ya mama haipuuzwi. Usiangalie wimbo, mwangalie yeye. Anakula? Analala? Marafiki bado wanampitia? Masomo yameshuka ghafla? Kama amejitenga na kila mtu, ameacha vitu alivyovipenda, au ametamka kwamba anatamani asiwepo, hata kama alisema kwa utani, usingoje. Nenda naye Bombo, hospitali ya mkoa, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili, na nyumbani asikae peke yake mpaka mmeonana nao.

Kama hayo hayapo, jaribu hili. Jioni moja, kazi zikiisha, ingia chumbani kwake bila kugombeza, kaa kitandani, mwambie, "Nipigie ule wimbo wako nausikia ukutani kila siku." Ataona haya. Huenda akakataa mara ya kwanza, usimsukume, rudi siku nyingine. Akipiga, usimkatize katikati na usimwulize maana ya maneno. Akimaliza mwulize ile sehemu ya kelele anaipigaje. Vijana wakiulizwa kuhusu mikono yao wanaongea, na mazungumzo yakishaanza yanajipeleka yenyewe yanakotakiwa. Ukipenda mlete kwangu Jumamosi. Nina wa umri wake, na wote wanapiga wimbo huohuo.

*

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Pangani, naimba kwaya. Huu wimbo unafaa kuimbwa na mwanamke? Nikianza ubeti sauti inazama."

Marahaba binti yangu, unafaa sana. Kwaya ya wasichana wa Ubelgiji iitwayo Scala iliuimba kwa piano tu, na mwaka 2010 ukawekwa kwenye tangazo la filamu ya The Social Network, na watu waliokuwa wameuchoka wakausikia upya. Prince naye aliuimba kwenye tamasha la Coachella 2008 akaupeleka juu kweli kweli. Video za shoo hiyo zikaondolewa mtandaoni kwa madai yake. Yorke aliposikia alitaka zirudishwe, akasema wimbo ni wao.

Kuzama kwa sauti ni kwa sababu ubeti wa G uko chini mno kwa mwanamke. Weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote, freti ya 3, upige kodi zilezile. Kama bado unazama, panda mpaka ya 5. Usipime kimo kwa ubeti peke yake: nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya katikati inayopaa, uiimbe kwa sauti kamili, na kapo ikae pale ambapo unaifikia bila koo kukaza. Mwenye kwaya ana faida moja ambayo sisi wapiga gitaa hatuna. Waombe wenzako wawili washike ile sauti ya uzi wa pili niliyomweleza mwalimu wa Muheza hapo juu, kwa "uu" tu, chini yako, wakati wewe unaimba. Nimelijaribu na wanafunzi wangu na linafanya kazi hata bila gitaa.